Nimechora kila nyoya, mbona shomoro wangu anaonekana kama amekaushwa?

#1 Mchora_Shomoro
Wakuu, habari zenu. Naomba nijieleze kidogo ili msaada uwe wa maana.

Huu ni mwaka wa pili nachora ndege wa bustanini kwa rangi za maji. Wiki iliyopita nimemaliza shomoro dume, ukubwa wa kiganja, saa kumi na moja za kazi ndani ya siku tatu. Manyoya ya bawa yote yapo. Michirizi ya mgongoni ipo. Koo jeusi, utosi wa kijivu, kisogo cha kahawia nyekundu, vyote nimevilinganisha na picha niliyopiga mwenyewe. Ukikagua sehemu moja moja, hukuti kosa. Ukirudi nyuma hatua tatu unamwona ndege aliyejazwa pamba na kuwekwa kabatini.

Sasa, kabla ya kazi hiyo nilikuwa nimepaka kijipicha cha kujaribia rangi, shomoro huyohuyo, dakika kumi na tano tu. Hakina nyoya hata moja, wala vidole. Lakini kinaishi! Kila anayeingia chumbani anakwenda kukitazama hicho, anaipita ile kazi ya siku tatu.

Nimeweka vyote viwili hapo chini. Nataka kujua uhai umepotelea wapi kati ya kijipicha na kazi kubwa. Karatasi ni ya pamba tupu, gramu 300, uso wake una vinyweleo vya wastani. Brashi namba 8 na namba 2.

#2 TabakaTatu
Jibu umelitaja mwenyewe kwenye kichwa cha uzi. Kila nyoya! Mtu akimtazama ndege haoni manyoya, anaona umbo moja lenye upande wa mwanga na upande wa kivuli. Manyoya onyesha sehemu mbili tatu, pale mwanga unapopakana na kivuli, kwingine acha macho ya mtazamaji yamalizie. Ndani ya kivuli usichore nyoya lolote. Kijipicha chako kinaishi kwa sababu hukupata muda wa kukiharibu.

#3 Kidari
#2 nakubaliana nawe nusu. Nimezifungua picha zote mbili nikazikuza. Wingi wa manyoya si kosa. Kosa ni kwamba mistari yote ina unene mmoja na giza moja, kuanzia begani hadi ncha ya mkia. Wapo waliochora nyoya kwa nyoya na ndege akabaki na joto lake. Tazameni lile bawa la kambu alilochora Albrecht Dürer, lenye tarehe 1512, liko kwenye jumba la makumbusho la Albertina mjini Vienna. Hapo manyoya yamehesabika, na bado unataka kulipapasa.

#4 Nyoya_Moja
Kidari, mfano mzuri ila umeuchagua vibaya kwa mada hii. Lile ni bawa lililokatwa begani, unaona mpaka mahali lilipong'olewa mwilini. Ndege mwenyewe alishakufa. Mleta mada anatafuta uhai, wewe unampeleka kwenye bawa la maiti.

#5 Kidari
Basi ndiyo nguvu ya hoja yangu. Kama bawa lililokatwa linaweza kuonekana lina joto, kuhesabu manyoya hakuui chochote.

#6 Mzee_Darubini
Salaam. Mimi ndege nimewatazama kwa darubini miaka mingi kuliko niliyoshika brashi, kwa hiyo nitasema ya ndege, ya rangi nawaachia wenyewe.

Mwanangu, miguu ya shomoro wako imetoka mahali pasipo pake. Ile sehemu inayopinda kuelekea nyuma umeichora kama goti, ukaibandikia paja juu yake. Ile si goti, ni kifundo cha mguu. Goti la ndege limefichwa ndani ya manyoya ya tumbo, na paja lake limelala karibu usawa na mwili, halionekani kabisa. Ndiyo maana mguu wa shomoro unaonekana kuchomoza tumboni ukiwa mfupi, na akijikunyata hata kifundo kinapotea.

La pili ni uzito. Chukua rula, shusha mstari wima kutoka katikati ya mwili. Lazima uangukie kwenye vidole. Kwenye kijipicha chako unaangukia pale pale, ingawa vidole hujavichora. Kwenye kazi kubwa unaangukia mbele ya tawi, hewani. Ndege huyo angeanguka kifudifudi, na mtazamaji anahisi hilo hata kama hawezi kulisema.

#7 MtotoWaMaji
Hili la goti sikulijua kabisa, nimekwenda kufungua daftari langu lote. Shikamoo mzee, na asante. Nina swali la vidole: kila kidole kina pingili tatu, au siyo?

#8 Mzee_Darubini
Marahaba. Hapana. Kidole cha nyuma kina pingili mbili, cha ndani tatu, cha kati nne, cha nje tano, ukihesabu na ile yenye ukucha. Kwa hiyo kidole cha nje kinazunguka tawi kwa mikunjo mingi midogo, cha nyuma kinashika kwa mkunjo mmoja mkubwa. Ukivichora vyote sawa unapata uma.

#9 Bi_Rangi
Mmeshika miguu na manyoya, nikajiuliza kama kuna aliyetazama jicho.

Ndugu Mchora_Shomoro, umepaka duara jeusi na kuweka nukta nyeupe katikati. Hilo ni tundu la kitufe. Kwanza jicho la shomoro si jeusi, ni kahawia iliyokolea sana, na ukilianza kwa tabaka la kahawia ya joto halafu ukaliwekea giza juu yake, ile kahawia inachungulia upande wa chini. Pili, jicho ni mpira. Mwanga ukiingia kutoka juu kushoto, kimulimuli kinakaa juu kushoto, na upande wa pili, chini kulia, panang'aa kidogo kwa sababu mwanga umepenya. Ukiacha giza sawa pande zote, mpira unageuka sahani. Tatu, juu ya jicho kuna kivuli cha paji, na ukingoni mwa kope ya chini kuna uzi mwembamba mweupemweupe. Uzi huo ndio unaolichimbia jicho ndani ya kichwa. Bila huo linaelea juu ya shavu.

Tena nukta yako iko katikati kabisa. Ulipiga picha kwa mwanga wa flashi?

Mimi huanza na jicho kabla ya kitu kingine chochote. Likikataa kunitazama, naiacha karatasi hiyo palepale.

#10 KalamuYaRisasi
Mimi jicho ni la mwisho kabisa. Ukilianza likatoka zuri utaogopa kulowesha kichwa, na kichwa kisicholoweshwa kinakuwa kikavu.

#11 Bi_Rangi
Kwani lazima uliloweshe? Unalizunguka.

#12 KalamuYaRisasi
Ukilizunguka unaacha pete kavu, dada yangu, na pete hiyo ndiyo inayofanya jicho lionekane limebandikwa.

#13 Bi_Rangi
Pete hiyo hiyo ndiyo ule uzi mweupe niliousema.

#14 FundiBrashi
Nimesoma kuanzia #1. Hakuna aliyegusa tofauti kubwa kuliko zote: kijipicha kimepakwa kikiwa kimelowa, kazi kubwa imepakwa ikiwa kavu mwanzo hadi mwisho.

Fuateni ukingo wa ndege kwa kidole. Kwenye kazi kubwa ukingo ni mkali kutoka mdomoni, kichwani, mgongoni, mkiani, tumboni, ukarudi mdomoni. Hakuna mahali pa kutokea. Kama kwamba amekatwa kwa mkasi akawekwa juu ya karatasi nyingine. Kwenye kijipicha, rangi ya tumbo imetambaa ikaingia kwenye kivuli cha tawi, na huwezi kusema ndege anaishia wapi. Hapo ndipo anapopumua.

Manyoya ya tumbo na ubavuni ni laini, hayana mpaka mkali hata ukimshika ndege mkononi. Ya bawa na mkia ni magumu, yana mpaka. Kwa hiyo ukingo wenyewe unatakiwa ueleze aina ya nyoya. Lowesha tumbo kwa maji safi, subiri. Karatasi ikiwa bado inang'aa, rangi itakimbia popote inapotaka. Ikipoteza mng'ao lakini ukiigusa kwa mgongo wa kidole bado ni ya baridi, hapo rangi inatambaa kidogo tu, kiasi cha upana wa uzi, na huo ndio ulaini wa kidari. Ukichelewa ukaongeza brashi yenye maji mengi, maji yanaisukuma rangi iliyoanza kukauka na unabaki na doa lenye kingo za kujikunjakunja kama wingu. Doa hilo hulifuti kirahisi.

Mimi muda huo wa ubaridi nimeusubiri mara nyingi sana na bado unaniponyoka. Lakini siku nikiupata, ndege anakuja.

#15 Mchora_Shomoro
Nashukuruni wote. Mzee wangu, shikamoo, rula nimeichukua na ni kweli, mstari umeanguka nje ya tawi. Bi_Rangi, ni kweli nilitumia flashi, shomoro alikuwa kivulini.

FundiBrashi, umenigusa. Niliogopa kulowesha kwa sababu nilishachora manyoya yote kwa penseli na sikutaka kuyapoteza.

Kuna jambo sijalitaja. Koo na michirizi ya mgongo nilitumia nyeusi ya tyubu, yenye namba ya rangi PBk9. Huenda nayo imechangia?

#16 Bi_Rangi
Imechangia sana. Nyeusi ya tyubu ikiwa peke yake inatoboa shimo kwenye picha. Changanya ultramarini, PB29, na siena iliyochomwa, PBr7. Ukizidisha buluu giza linakuwa la baridi, ukizidisha siena linakuwa la joto. Kwenye koo moja anza na la baridi juu, panapopokea mwanga wa anga, malizia na la joto chini. Na ultramarini punje zake zinajikusanya kwenye vinyweleo vya karatasi, kwa hiyo unapata mwonekano wa manyoya bila kuchora nyoya.

#17 Nyoya_Moja
Naomba nisahihishe kidogo hapa, maana hili la kuchukia nyeusi linarudiwa mno. PBk9 ikimiminwa maji ni kijivu kizuri chenye joto. Tatizo la mleta mada ni kuipaka nzito kwa kipimo kimoja koo zima. Angefanya vivyo hivyo na mchanganyiko wako, shimo lingekuwa lile lile.

Tena wengi wanaoikwepa nyeusi wanakimbilia kijivu cha Payne, kile kilichopewa jina la William Payne, mchoraji wa rangi za maji wa Uingereza. Geuzeni tyubu msome namba za rangi. Aghalabu mtakuta nyeusi imo ndani.

#18 TabakaTatu
Nimegeuza yangu. PB15, PBk6, PV19. Umesema kweli.

#19 Mzee_Darubini
Koo la shomoro lina habari yake. Manyoya yake yakiwa mapya, ncha zake ni za kijivu, kwa hiyo weusi umefichika nusu, unaonekana kama umepakwa vumbi. Ncha hizo zinalika taratibu, na msimu wa kuzaliana ukifika weusi unajitokeza mzima. Hapati manyoya mengine, ni yale yale yamechakaa. Hata mdomo wake unakuwa mweusi wakati huo, baadaye unarudia rangi ya pembe.

Sasa mwanangu, kwenye picha yako mdomo ni wa rangi ya pembe, lakini koo umelipaka jeusi la msimu wa kuzaliana. Umeunganisha ndege wa miezi miwili tofauti.

#20 MtotoWaMaji
Jamani huyu mzee anaona!

#21 Lenzi_Ndefu
Mimi ni mtu wa kamera zaidi, na naona mnamlaumu mchoraji kwa makosa ya picha aliyoitumia.

Picha ya flashi inapiga mwanga kutoka mbele, kwa hiyo inafuta kivuli kinacholifanya tumbo liwe la mviringo. Ndege anakuwa bapa kabla hujagusa brashi. Ukimsogelea sana kwa simu, kichwa kinakua kuliko mwili. Na simu yenyewe inajiamulia: pakiwa na ndege mweusi inang'arisha, pakiwa na mweupe inatia giza. Mleta mada amenakili kwa uaminifu mkubwa kitu ambacho tayari kilikuwa na kasoro. Kijipicha nacho, natabiri, hakukitoa kwenye picha hiyo.

#22 Mchora_Shomoro
Lenzi_Ndefu, umenishtua. Kijipicha nilikipaka dirishani, shomoro mwenyewe akiwa ukutani. Alikaa, akaondoka, akarudi na mwenzake.

#23 Mzee_Darubini
Basi, hayo ndiyo nilitaka kusikia. Chora aliye hai. Edward Lear alipochora kasuku wake, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa hivi, alikwenda kwenye bustani ya wanyama ya London akawachora walio hai, mtunzaji akimshikia ndege ili yeye apime mabawa na miguu. Ndiyo maana kasuku wake wana tabia, kila mmoja na hasira yake.

#24 Kidari
Mzee, kwa heshima zote, hilo linapingwa na mfano mwingine mkubwa. John James Audubon aliwapiga ndege risasi, akawafunga kwa nyaya juu ya ubao wenye miraba ili wakae kwenye pozi, ndipo akawachora. Na ndege wake wanaruka, wanapigana, wanalishana. Kama uhai ungetoka kwa ndege aliye mbele yako, Audubon asingepata hata mmoja.

#25 Mzee_Darubini
Aliwatazama porini miaka mingi kabla ya kufunga waya. Waya ulimkumbusha tu.

#26 Lenzi_Ndefu
Na baadhi ya pozi zake zimejipinda mno ili ndege watoshe kwenye karatasi, maana aliwachora kwa ukubwa wao halisi. Uhai upo, lakini uhalisia wa pozi ni mjadala mwingine.

#27 Nyoya_Moja
Pia tusisahau kwamba hakutumia rangi za maji peke yake, alichanganya na pasteli na penseli. Nasema hili kwa sababu najua TabakaTatu atakuja kusema rangi ya maji ni safi au siyo rangi ya maji.

#28 TabakaTatu
Umenijua. Nasimamia hapo hapo. Weupe ni wa karatasi. Ukishaweka gwashi nyeupe, ile rangi nzito ya kufunika, mwanga haupiti tena mpaka kwenye karatasi na kurudi, unaishia juu, na sehemu hiyo inakuwa kama chaki juu ya kioo.

#29 MtotoWaMaji
Lakini ule mstari mweupe wa bawa la shomoro ni mwembamba sana, mimi kila nikijaribu kuuacha unapotea. Niufunike kwa ile gundi ya kuziba karatasi?

#30 FundiBrashi
Unaweza. Chovya brashi kwenye sabuni kwanza, la sivyo nywele zitashikana na brashi imekwisha, na usithubutu kutumia brashi yako nzuri. Gundi isikae siku nyingi juu ya karatasi wala usiikaushe kwa joto, itang'oka na uso wa karatasi. Pia inaacha kingo kali kama wembe, kwa hiyo ukishaibandua lainisha upande mmoja kwa brashi yenye unyevu. Mstari wa bawa hauko mkali pande zote mbili.

#31 Nyoya_Moja
Au gwashi, tone moja, mwishoni. Lile bawa la Dürer lililotajwa hapo juu ni rangi ya maji pamoja na gwashi juu ya ngozi laini, na sijaona chaki.

#32 TabakaTatu
Ngozi siyo karatasi, mkuu. Rangi inakaa juu yake, hainywi. Huwezi kulinganisha.

#33 Nyoya_Moja
Hapo nimekuelewa, ingawa sijakubali.

#34 Chozi_Asubuhi
Samahani kwa kuingilia, nimeufuata uzi kimya tangu juzi. Mimi nachora ndege aitwaye chozi, na ule mng'ao wa kichwani umenishinda. Nimejaribu buluu zote, nimejaribu mpaka rangi zenye unga wa kumetameta. Najua ile rangi wanaitoa kwenye chakula wanachokula, ila kwenye karatasi nitaitoa wapi?

#35 Mzee_Darubini
Karibu. Njano na nyekundu za ndege wengi ndizo zinazotoka kwenye chakula. Mng'ao wa chozi si rangi ya kupakwa, ni umbo. Ndani ya nyoya mna vipande vidogo sana vilivyopangwa kwa tabaka, mwanga ukivipiga unarudi na rangi moja kwa pembe moja, ukigeuka kidogo inazimika. Ndiyo maana chozi huyohuyo anang'aa, halafu anageuza shingo na kuwa mweusi. Hata buluu isiyometameta, kama ya kasuku, ni kazi ya umbo la ndani: nyoya la buluu ukilitazama mwanga ukiwa nyuma yake, buluu haipo, unaona kama kahawia.

#36 Bi_Rangi
Na hilo ndilo jibu lako la kupaka, Chozi_Asubuhi. Acha unga wa kumetameta, unametameta kila mahali kwa pamoja na kichwa kinakuwa bapa. Mng'ao ni kuruka ghafla kutoka rangi angavu hadi giza karibu na nyeusi, bila hatua za katikati. Weka kwanza tabaka jembamba la buluu au kijani safi kabisa, likauke, halafu weka giza pembeni yake kwa kingo kali, ukiacha rangi angavu kwa ukubwa wa punje ya mchele. Ukiacha kubwa, inazimika.

#37 Chozi_Asubuhi
Nimelijaribu usiku huu huu. Kichwa kimewaka. Nilikuwa naacha eneo kubwa mno. Asante sana dada.

#38 KalamuYaRisasi
Turudi kwa shomoro kabla hajasahaulika. Ninalo la kuongeza kuhusu #1. Manyoya ya bawa la shomoro aliyetulia hayakai kama vidole vya feni. Yale ya karibu na mgongo yanakaa juu, yale marefu ya ncha yanalala chini yake, moja chini ya jingine, na unachoona ni kingo zao tu. Mleta mada ameyapanga kinyume, la nje limekaa juu. Nimelihesabu mara mbili. Ana manyoya ya ncha kumi, yote yanaonekana.

#39 Mzee_Darubini
Vizuri sana. Yapo kumi kweli, lakini la kumi la nje ni dogo mno kiasi cha kutoonekana. Utakayoyaona ni tisa, tena kwa bawa lililokunjuliwa. Likikunjwa unaona ncha chache tu. Mkia una kumi na mbili, nayo yakifungwa yanalala kama karata zilizokusanywa.

#40 Kidari
Kwa hiyo hakuchora kila nyoya analoliona. Alichora kila nyoya analolijua. Naona hapo ndipo tofauti ya picha zake mbili ilipo.

#41 TabakaTatu
Kidari, hicho ndicho nilichosema #2.

#42 Kidari
Hapana. Wewe ulisema apunguze. Mimi nasema atazame.

#43 Mchora_Shomoro
Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili. Nimepaka wa tatu, yuko hapo chini.

Sikutumia picha. Nilikaa dirishani asubuhi sita na penseli, nikachora vijistari tu, ndege akigeuka naanza kingine pembeni, akirudi kwenye pozi la kwanza narudi nalo. Sikumaliza hata kimoja, lakini siku ya nne mkono ulianza kujua bega linakaa wapi. Niligundua pia kwamba kukiwa na baridi anajaza manyoya mpaka shingo inapotea, jua likipanda anayabana na kuwa mwembamba, anaacha mdomo wazi. Yule wa kwanza nilimpa kichwa cha baridi na mwili wa joto.

Kwenye karatasi nililowesha tumbo na kusubiri ule ubaridi wa FundiBrashi. Miguu nimeifuata kwa rula. Koo nimelichanganya kwa ultramarini na siena, na nyeusi ya tyubu kidogo sana chini ya mdomo. Bawa nimeonyesha manyoya matano. Jicho ni kama alivyoelekeza Bi_Rangi. Nimetumia saa tatu.

#44 FundiBrashi
Ameamka! Tazameni ukingo wa tumbo unavyopotelea kwenye kivuli. Ndio huo.

#45 Bi_Rangi
Ukingo ni mzuri, lakini funika jicho kwa kidole gumba uone. Picha inalala. Fungua, inaamka. Jicho ndilo lililofanya kazi.

#46 TabakaTatu
Nimefunika jicho. Kwangu bado yuko hai.

#47 Mzee_Darubini
Mimi nimefunika miguu. Anaelea. Nimefunika jicho, bado amekaa juu ya tawi na anataka kuondoka.

#48 Lenzi_Ndefu
Funikeni chochote mnachotaka, kivuli cha chini ya shavu kimerudi, na kwenye picha ya flashi hakikuwapo.

#49 KalamuYaRisasi
Swali kwa mleta mada: jicho ulilipaka lini, mwanzo au mwisho?

#50 Mchora_Shomoro
Katikati. Nilianza na kahawia ya chini, nikapaka kichwa chote kikiwa kimelowa, halafu giza la jicho nikaliweka kichwa kilipokauka. Ule uzi mweupe wa kope ni karatasi, sikutumia gwashi.

#51 Bi_Rangi
Kwa hiyo ulianza nalo.

#52 KalamuYaRisasi
Kwa hiyo alimaliza nalo.

#53 MtotoWaMaji
Mimi nimefunika kila kitu kwa zamu nimebaki sijui nimwamini nani, lakini nimejifunza zaidi hapa kuliko mwaka mzima peke yangu. Kaka Mchora_Shomoro, unafuata ndege gani?

#54 Mchora_Shomoro
Jike la shomoro. Hana koo jeusi wala kisogo chekundu cha kujificha nyuma yake, ni kahawia juu ya kahawia, na kila ninachokosea kitaonekana.

#55 Mzee_Darubini
Angalia ule mstari wa rangi ya mchanga unaoanzia nyuma ya jicho kwenda kisogoni. Usiuanzie mbele ya jicho.

#56 Mchora_Shomoro
Nimekusikia mzee. Nimeshaanza, tumbo bado lina ubaridi. Kesho nitamweka hapa akiwa na ile kahawia ya chini tu jichoni, giza na kimulimuli bado, ili mseme kabla sijagusa.